Nani Aliwaletea Warumi Kuni

Shule yetu ilikuwa ya harambee, madarasa manne ya matofali ambayo wazazi waliyafyatua na kuyachoma wenyewe, juu ya Wundanyi, mahali ambapo ukungu wa mwezi wa saba huingia darasani kama mwanafunzi aliyechelewa. Nilikuwa kidato cha pili, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli Voi na alipanda nyumbani mwisho wa mwezi. Mama alibaki na shamba, na watoto watano, na jiko. Mimi nilikuwa kifungua mimba, kwa hiyo kazi ya kuni ilikuwa ya watu wawili, yeye na mimi.

Jumamosi peke yake haikutosha. Katikati ya wiki, mara nyingi Jumatano, tulitoka kukiwa kumepambazuka tu, tukapanda hadi kwenye mikaratusi iliyo mpakani mwa msitu wa serikali, tukakata, tukafunga, tukateremka. Mama alikuwa akitangulia. Niliyajua mambo yake mengi kwa kuutazama mgongo wake tu: kama amelala vizuri, kama kuna barua ya baba, kama unga umekwisha.

Jumatano moja tulichelewa kwa sababu mvua ilikuwa imelainisha njia. Nilifika darasani somo la historia limeshaanza. Mwalimu wa historia alikuwa kijana wa Voi, wa familia moja ya Kiislamu ambayo mababu zake walitoka pwani wakati reli inajengwa. Kiswahili chake kilitutia haya sisi tuliozoea kusema "kitabu yangu" na "nyumba ingine". Hakutucheka. Alilirudia neno letu kwa namna iliyo sawa, polepole, kana kwamba anakubaliana nasi, kisha akaendelea.

Aliniuliza kwa nini nimechelewa. Nikasema kuni. Darasa likacheka kidogo, maana majani ya mkaratusi yalikuwa yamenasa kwenye sweta yangu mgongoni na mimi sikuwa nimeyaona. Akaniambia niketi.

Siku ile alikuwa akitufundisha habari za Roma ya kale. Alisoma juu ya nyumba za kuogea, kubwa kuliko kanisa letu, ambamo watu walioga maji ya moto kila siku, na sakafu zake zilikuwa na uwazi chini ili hewa ya moto ipite na kuwapasha nyayo. Akasoma juu ya matanuri ya mikate, na matofali yaliyochomwa kwa wingi usiosemeka, na chuma, na vioo. Akasema wataalamu wengine wanakisia kwamba mji ule ulifika watu milioni moja, na wengine wanabisha.

Mabega yangu yalikuwa yakiuma. Nadhani ni hayo mabega yaliyonyoosha mkono, si ujasiri. Niliuliza kama maji yale yalichemshwa kwa kuni. Akasema naam, kwa kuni. Nikamwuliza kuni hizo zilitoka wapi.

Safari hii darasa lilicheka kwa sauti. Mwalimu hakucheka. Alifunua ukurasa, akafunua mwingine, akarudi nyuma kurasa mbili, halafu akakifunga kitabu juu ya kidole chake.

"Sijui," alisema. "Na kitabu hiki hakisemi."

Sikuwa nimewahi kumsikia mwalimu akisema hivyo. Walimu wetu wa shule ya msingi walijua kila kitu, na wasichokijua walikijibu kwa fimbo. Huyu alisimama mbele ya wanafunzi thelathini akakiri, na paa halikuanguka. Kisha akasema kwamba kama hatujui walichoma kiasi gani, tunaweza angalau kuanza na tunachochoma sisi. Akatupa kazi: kila mmoja apime kuni za nyumbani kwao kwa wiki moja, aandike ni watu wangapi wanaokula kwenye moto huo. Akaniangalia mimi akasema, "Wewe hasa, maana swali ni lako."

Nilifika nyumbani nikiwa nimevimba kwa fahari, nikamweleza Mama. Alikuwa akichambua maharagwe. Alikataa kabla sijamaliza.

Mwaka uliotangulia, askari wa msitu alikuwa amemkuta akiokota matawi upande wa pili wa mpaka. Alimnyang'anya panga, akampeleka kwa chifu, na Mama akashinda pale kutwa nzima akiwa ameketi kwenye benchi pamoja na wezi wa kuku. Panga halikurudi. Tangu hapo hakupenda mtu yeyote aliyekuja na kalamu.

"Leo mnaandika ni kilo ngapi," alisema. "Kesho mtaandika zimetoka wapi."

Nilijaribu kumwambia kwamba ni habari za Warumi, watu waliokufa zamani. Akaniuliza Warumi hao wana shida gani na jiko lake. Siku ya pili nilimwambia mwalimu ukweli, kichwa kikiwa chini, nikitarajia aniambie niandike makisio tu kama wenzangu walivyofanya. Aliitika kwa kichwa akaendelea na somo.

Jumamosi mchana alipanda kilima chetu kwa miguu, viatu vyake vya mjini vikiwa vimejaa matope mekundu, na mkononi ana pakiti ya sukari. Mama alitaka kumweka sebuleni, kwenye kiti cha baba. Yeye akaomba kuingia jikoni, akasema alilokuja kutafuta liko huko. Akakaa kwenye kigoda karibu na mafiga, na moshi ukamwendea moja kwa moja kama unavyomwendea kila mgeni. Machozi yalimtoka. Aliyafuta kwa kitambaa, akaendelea kukaa.

Hakuanza na kuni. Alimuuliza Mama habari za mahindi, na za wazee, na za baba aliye Voi. Ndipo akamweleza kwamba binti yake ameuliza swali ambalo yeye, na elimu yake yote, ameshindwa kulijibu, na kwamba hamjui mtu mwingine wa kumwendea. Alisema kwamba mizigo itaandikwa kwa uzito tu, bila mahali ilikotoka, na daftari litabaki na mimi.

Mama alikoroga chungu. Kisha akamuuliza, "Mwalimu, nyumbani kwenu nani huleta kuni?"

Akasema wao hununua makaa.

"Basi hujui kweli," Mama alisema, bila ubaya wowote, na akampa chai.

Jumatatu niliazima mizani ya kuning'iniza kutoka kituo cha kukusanyia mboga, ile waliyopimia kabichi za kupeleka Mombasa. Tuliifunga kwenye tawi la mparachichi nyuma ya nyumba, na kila mzigo uliofika uliningʼinia hapo kwanza. Mama, aliyeanza kwa kunitazama kwa kando, siku ya tatu alikuwa akinikumbusha. Siku ya tano alinisahihisha: nilikuwa nimesahau mabua ya mahindi na vigunzi tunavyowashia moto asubuhi, na mama yangu alisema kama unahesabu, hesabu. Kuni mbichi zikawa na ukurasa wake, na kavu ukurasa wake, kwa sababu yeye alisema maji yaliyomo ndani ya mti hayapiki ugali.

Mwishoni mwa wiki tulikuwa na mizigo mitatu na kitu, kwa watu sita. Niliposoma hesabu yangu darasani, mwalimu aliiandika ubaoni, akagawanya kwa sita, akazidisha kwa wiki za mwaka, halafu akazidisha kwa watu milioni moja. Sufuri zilifika mwisho wa ubao. Hakuna aliyecheka. Tulikaa tukiziangalia sufuri zile, na mimi nikawaona akina mama, wamejipanga kutoka kilima chetu hadi Mwatate, hadi Voi, hadi baharini, kila mmoja na mzigo wake.

Mwalimu akasema tusiamini ubao haraka. Kuna kitu kinakosekana, alisema, lakini bado hajui ni nini. Likizo ilikuwa imekaribia, na alijua nitateremka Voi kwa baba. Akanipa barua nimpelekee mjomba wake, aliyekuwa na tanuri la mikate karibu na soko.

Baba aliishi landhi, kwenye chumba kimoja cha reli, na jambo la kwanza nililoliona kwa macho mapya ni kwamba hakuwa na kuni kabisa. Alikuwa na jiko dogo la makaa, na debe la makaa lililomtosha siku nyingi. Asubuhi alinunua mkate. Mchana alikula kantini. Nilimuuliza kama hili ndilo jiko lake lote, akacheka akasema mtu mmoja haachi mafiga yawake kutwa. Nikaandika.

Mjomba wa mwalimu alikuwa mzee mwembamba, kanzu imekunjwa hadi magotini, mikono myeupe kwa unga. Aliisoma barua mara mbili akanikaribisha kwa heshima kubwa, kana kwamba nimetumwa na serikali.

"Karibu, mwanangu. Wataka kujua tanuri hula nini?"

Nilikaa pale asubuhi tatu. Nilitazama magogo yakipangwa ndani ya tanuri, yakiwashwa, yakiungua hadi kuta za ndani zinageuka kutoka nyeusi kuwa za kijivu. Ndipo majivu yalipotolewa kwa chuma kirefu, sakafu ikapanguswa kwa gunia lililoloweshwa, na mikate ikaingizwa kwa ubao wenye mpini mrefu. Mzee alinieleza kwamba mkate hauivi kwa moto, unaiva kwa joto ambalo ukuta umelihifadhi. Kwa hiyo mkate wa kwanza ni ghali na mkate wa mwisho ni karibu bure. Kuni za kumwokea mtu mmoja na kuni za kuwaokea watu mia hazipishani sana. Alisema kama wanawake wote wa mtaa ule wangewasha kila mmoja moto wake wa kuoka, mji ungebaki bila mti.

Nilijua hapohapo kwamba hicho ndicho kilichokosekana ubaoni. Watu wa mjini hawapiki kama sisi. Wananunua kwa mtu aliyewasha moto mmoja kwa ajili ya wengi.

Lakini mzee hakuniacha niondoke na furaha ile tu. Asubuhi ya mwisho lori lilikuja na magogo, na wakati vibarua wanashusha alinionyesha kwa kidole nyuma ya tanuri lake, kwenye kichaka cha miiba na nyumba za mabati. Alipoanza kazi na baba yake, alisema, kuni walizikata hapo. Baadaye zikawa zinatoka upande wa Mraru. Sasa lori hilo lilikuwa limetoka mbali kupita Miasenyi. Na makaa ya baba yangu, je? Hayo nayo ni miti, tena mingi, iliyochomwa kwingine ili mjini pafike kilicho chepesi kubeba.

"Mji hauchomi msitu wake," aliniambia. "Wachoma wa wenziwe."

Nilirudi kilimani na daftari limejaa. Mwalimu alilisoma wakati wa mapumziko, akiwa amesimama, bila kugusa chai yake. Kisha akasema jambo lililonitisha kuliko kazi yote: alitaka Mama aje darasani.

Lazima niseme ukweli hapa, kwa kuwa shukrani isiyo na ukweli ni maneno tu. Sikutaka aje. Mama hakuwa na viatu vizuri. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na akiguswa moyo alihamia Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, bila kujua. Nilimpa ujumbe ule nikitumaini atakataa. Akaosha leso yake ya maua ya njano, akaianika juu ya ua wa miwati, na Ijumaa akaja.

Alisimama karibu na mlango, si mbele. Mwalimu alimletea kiti, hakukikalia. Mwalimu alimuuliza swali moja: kama miti inakatwa kila wiki, kila mwaka, kwa nini haijaisha kule anakokata?

Mama alijibu akiwa anaangalia dirishani. Akasema mti usiokatwa na mjinga haumaliziki. Unaukata ukiwa umeacha kisiki cha kufika gotini, na jeraha unaliacha limeinama ili maji ya mvua yasitulie juu yake yakakiozesha. Kisiki kitatoa machipukizi mengi kama vidole. Mabaya unayaondoa, unaacha matatu au manne. Hapo usipaguse tena. Unaenda kwingine, na kwingine, na ukirudi baada ya miaka kadhaa vidole vimekuwa mikono. Akasema kuna miti isiyorudi ukiikata, na hiyo hakuna mwanamke wa kwao anayeigusa ikiwa mbichi, hata kama askari hayupo. Sehemu hii aliisema kwa Kidawida, na mwalimu akanigeukia mimi nitafsiri. Nilisimama, nikayasema maneno ya mama yangu kwa Kiswahili kile alichotufundisha mwalimu. Mwalimu aliyaandika yote ubaoni, na wenzangu wakanakili.

Kisha Mama naye akauliza. Alitaka kujua hao watu wa Roma, nani aliyekuwa akiwaletea kuni.

Mwalimu akasema vitabu alivyonavyo havielezi sana. Palikuwa na watumwa, na nyumbu, na mashua za mtoni. Majina ya wafalme yapo, na ya waliojenga nyumba za kuogea. Ya wakata kuni hayapo.

"Basi vitabu hivyo," Mama alisema, "viliandikwa na watu waliokuta chakula kimeiva."

Darasa lilicheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa upande wake. Mwalimu hakuyafuta maneno yake. Yalikaa ubaoni hadi Jumatatu.

Siku ile tulirudi nyumbani pamoja, na kwa mara ya kwanza alinitaka nitembee sambamba naye badala ya nyuma. Alinionyesha mti huu na ule, akaniambia ulikatwa lini na nani, na lini utakuwa tayari. Nilikuwa nimeipita njia ile maisha yangu yote bila kujua kwamba kila kisiki kina mwenyewe na kina tarehe yake kichwani mwa mtu.

Mvua zilizofuata alipanda miche ya miwati na migrevilea kuzunguka shamba lote, akisema hataki tena kukutana na askari yeyote. Baba alileta mbegu nyingine kutoka Voi, zimefungwa ndani ya gazeti. Nilipokuwa chuo cha ualimu, kuni za nyumbani zilitoka mpakani mwa shamba letu, na wadogo zangu hawakujua Jumatano ya alfajiri ni kitu gani. Niliwaonea wivu kidogo, nikafurahi zaidi.

Nikawa mwalimu wa historia. Mwalimu wangu alihamishwa kabla sijafika kidato cha nne, akaondoka katikati ya muhula, na sikupata nafasi ya kumwambia neno. Jambo hilo lilinikaa kifuani kwa miaka. Nikiwa chuoni nilikuwa nimegundua, kwenye maktaba, kwamba wataalamu wakubwa wa mambo ya kale nao wanabishana juu ya swali lile lile: Roma ilikuwa na watu wangapi, walichoma kuni kiasi gani, na kama misitu yao iliisha au ilichipua. Wapo waliosema iliisha. Wapo waliosema wakulima wa kule walijua kukata mti bila kuuua, na kwamba matawi yaliyopogolewa kwenye mizeituni na mizabibu yaliwasha majiko mengi. Nilisoma nikiwa nimeshika shavu, nikimwona Mama karibu na mlango na leso yake ya njano. Hakuna aliyejua hakika. Hilo halikunisumbua, nilikuwa nimelizoea mapema.

Katikati ya miaka ya themanini nilipelekwa Taveta kusimamia mitihani. Mwenyeji wangu alinitajia kwamba upande wa Mahoo yuko mzee mmoja, zamani mwalimu wa sekondari kule milimani, ambaye siku hizi analima ndizi. Jumapili nilikwenda. Nilimkuta ndani ya mfereji, suruali imekunjwa, anafungulia maji yaingie kwenye migomba. Hakuwa mzee hata kidogo, ila jua lilikuwa limemzeesha. Nilijitambulisha. Hakunikumbuka kwa jina, hadi niliposema kuni.

Alitoka mferejini akaketi juu ya gogo la mgomba. Nilimwambia yote niliyokuwa nimeyabeba: kwamba niliingia ualimu kwa ajili ya lile "sijui" lake, kwamba nami huwaambia wanafunzi wangu hivyo hivyo nisipojua, na kwamba alimpa mama yangu ubao mzima. Nilikuwa nimejiandaa kusema vizuri, lakini nilisema ovyo, na machozi yalinitoka bila moshi.

Alinisikiliza akichezea jembe. Kisha akasema kwamba siku ile alirudi nyumbani akiwa na hofu. Alikuwa na miezi mitatu tu kazini, na alidhani darasa halitamheshimu tena. Alikuwa amefikiria hata kuacha kazi. Kilichompandisha kilima chetu Jumamosi ile, alisema, hakikuwa ujasiri wowote. Alikuwa hana pengine pa kwenda.

"Mama yako hakunifukuza," alisema. "Ningefukuzwa, nisingerudi darasani. Mpe salamu zangu. Mwambie nashukuru."

Nilikuwa nimekwenda kutoa shukrani, nikarudishwa na za kupeleka. Alinikatia mkungu wa ndizi, akaufunga kwa majani ili usichubuke kwenye basi, na akanisindikiza hadi barabarani.

Mama alikuwa bado na nguvu wakati huo. Nilipomfikishia salamu alikuwa jikoni. Alizisifu ndizi zile, akaulizia kama mwalimu ameoa, kama ana watoto, kama Mahoo kuna mbu. Nilimjibu yote. Kisha nikamweleza alichosema, kwamba angefukuzwa siku ile angeacha kazi. Mama alisimamisha mwiko.

"Mimi nilifikiri amekuja kunifundisha," alisema.

Akavuta kigoda kwa mguu, akakaa, na akaniambia ninywe chai kabla haijapoa, tuzimenye ndizi wote wawili, maana wadogo zangu walikuwa karibu kurudi kutoka shambani na njaa.